Fishi Nyeupe za Etajeri ya Woga

Ninyi mnaobaki na funguo mmeniomba niandike ninachokijua kuhusu kazi ya maktaba kabla sijakisahau. Ombi lenu lina heshima, na pia lina haraka fulani, kana kwamba mtu wa miaka hamsini na sita anaweza kusahau kila kitu kufikia Jumatatu. Nitaandika. Sitaeleza jinsi nilivyopandishwa cheo, kwa kuwa jambo hilo lilitokea mara moja na nashuku kwamba lilikuwa kosa. Wala sitagusia mshahara, kwa kuwa mnaujua na sipendi kuhuzunisha watu. Nitaandika juu ya vitabu vya kutisha, ambavyo nimevipenda tangu usichana, na juu ya waandishi wake wa hapa kwetu Goma, ambao nilijipa jukumu la kuwatetea na ambao nilikaribia kuwamaliza kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilifika siku ya kwanza na shahada ya fasihi ndani ya bahasha, viatu vya kisigino, na imani kwamba kazi ya maktaba ni kusoma. Papa Kasereka, mzee wa Butembo aliyekuwa mkuu wa maktaba, aliviangalia viatu na hakuiangalia bahasha. Alinipa kitambaa kilicholoweshwa kidogo, akanionyesha etajeri ya kwanza, rafu ndefu ya vitabu karibu na mlango.

«Anza hapa,» alisema. «Ukifika ya mwisho, vumbi itakuwa imerudia hapa. Hiyo njo kazi, mwanangu. Ingine yote ni bonasi.»

Vumbi letu jeusi mnalijua. Linatoka kwenye mawe ya volkano, linaingia kwenye kitabu kama maji yanavyoingia kwenye mchanga, na halitoki kwa kupuliziwa. Kwa mwezi mzima sikusoma hata ukurasa mmoja. Nilifuta. Baadaye Papa Kasereka alinifundisha kupika gundi: kijiko kimoja cha unga wa muhogo, vijiko sita vya maji, kukoroga bila kupumzika, kuchuja kwa soksi safi, kisha kutia pilipili iliyosagwa ili mende wasile migongo ya vitabu. «Mende ya hapa inapenda fasihi kupita baprofesa,» alisema, na hakucheka, kwa hiyo sikujua kama ninaruhusiwa kucheka. Alinifundisha pia kushona kurasa kwa uzi mweupe uliopakwa nta ya mshumaa. Chombo ninachokikumbuka zaidi katika miaka yangu yote ya kazi ni ile sindano yake, iliyopinda kidogo upande wa kushoto, ambayo alikataa kuinyoosha kwa sababu, alivyodai, imekwisha kujua njia.

Lakini somo kubwa alilonipa lilikuwa la fishi, na hilo ndilo lililonipoteza. Ninyi mmezoea kompyuta, basi nieleze. Kila kitabu kilikuwa na kimfuko cha karatasi ndani ya jalada la nyuma, na ndani ya kimfuko hicho kadi ngumu, fishi, ambayo msomaji aliandika jina lake na tarehe kwa mkono wake mwenyewe. Aliyekiazima baada yake aliyaona majina yote yaliyomtangulia. Papa Kasereka aliziheshimu fishi kama mahakama inavyoheshimu ushahidi. «Usiulize kitabu kama kimesomwa,» aliniambia. «Kitabu inaweza kukudanganya. Hapa Goma kitabu inachakaa hata kama haina mutu mwenye aliigusa, sababu ya vumbi. Uliza fishi.» Nikaamini. Ilikuwa kanuni nzuri, fupi, iliyosemwa na mtu mwenye mvi. Kanuni za namna hiyo hudumu muda mrefu kuliko zile zilizo sahihi.

Fishi zilikuwa pia ukumbi wa maonyesho. Vitabu vya falsafa vilikuwa na fishi ndefu kuliko vyote: walimu, wanasheria, waseminari, kila mmoja akiandika jina lake kwa herufi za kupambwa. Siku moja nikishona kitabu kimojawapo nilikuta kurasa za katikati bado zimeshikana kama zilivyotoka kiwandani. Watu ishirini na wawili walikuwa wamekisoma bila kukifungua.

Mapenzi yangu mwenyewe yalianza katika bweni la masista, ambako kitabu kisicho na jalada kilizunguka mezani wakati wa kujisomea, kikisimulia juu ya mkono uliotembea bila mwenyewe. Sikuwahi kujua kilivyoanza wala kilivyoisha, maana mwanzo na mwisho vilikuwa vimechanika, na nadhani ndiyo sababu sijapona. Nilipopata maktaba ya kuitunza, nilitafuta vya namna hiyo katika makartoni tuliyoletewa kutoka Ulaya. Vilikuwamo vingi; wahisani, inaonekana, hutoa kwanza kile ambacho hawataki kulala nacho nyumba moja.

Nilivisoma vyote, na polepole nikaona tatizo. Mizuka ya vitabu vile iliishi katika nyumba za vyumba arobaini zenye wakazi wawili. Hapa Goma, katika mtaa wa Mabanga, watu kumi wanaishi katika chumba kimoja na nusu; mzuka angesimama wapi? Wasomaji wangu walivirudisha kwa adabu. Mama mmoja aliniambia, «Huyu muzimu iko na bahati. Iko na ngazi, iko na kave chini ya nyumba, iko na bustani. Mi ningekufa kesho kama bananipa ile nyumba.» Nikaanza kujiuliza ni nani anayeandika woga wa hapa kwetu, na kwa nini hayumo katika makartoni.

Jibu lilikuja na mwavuli. Mwalimu Masika alifundisha darasa la tano katika shule moja ya mtaa wa Katoyi. Alikuwa ananizidi miaka kumi na ushei, mwembamba, na hakuenda popote bila mwavuli hata wakati wa kiangazi. Aliweka juu ya meza yangu kaye tatu za shule, zile daftari za kurasa mia, zilizojaa mwandiko wa ubaoni, mviringo na ulionyooka. «Banasema hapa unapenda mambo ya kutetemesha,» alisema. «Soma. Ukiona ni upuuzi, unirudishie, nitawapa batoto bafunikie bitabu vyabo vya hesabu.»

Nilisoma mchana huohuo, mlango ukiwa wazi na watu wakipita barabarani, na hata hivyo nikahamisha kiti ili mgongo wangu uwe ukutani. Hadithi kubwa kati ya zile iliitwa «Wapangaji wa Chini». Familia inajenga nyumba ya mbao juu ya jiwe la volkano, kama tulivyojenga sote, bila kuuliza jiwe limefunika nini. Chini yake kuna nyumba nyingine. Baada ya wiki moja, mtu anagonga sakafu kutoka chini, kwa heshima, mara tatu kama jirani, na sauti ya mama inaomba chumvi kidogo. Sitawaambia zaidi. Hakukuwa na damu wala meno. Kulikuwa na ujirani mwema tu, na ujirani huo ulikuwa haustahimiliki.

Nikampelekea Papa Kasereka kaye zile. Alisema maktaba haipokei kaye. Maktaba inapokea vitabu.

«Kitabu ni nini basi, muzee?»

Aligonga kwa kidole kitabu kilichokuwa mezani. «Kitabu ni kile kiko na mugongo.»

Kwa hiyo nikakipa mgongo. Nilizifumua zile kaye tatu, nikazishona pamoja kwa uzi mweupe, nikakata jalada kutoka katoni ya sabuni, nikalifunika kwa kitenge kilichobaki katika nguo yangu, nikapaka gundi yenye pilipili. Papa Kasereka alikigeuza mikononi, akapitisha kidole mgongoni, akakipa namba na fishi mpya nyeupe. Huo ndio mkutano wote wa wahariri tuliowahi kufanya.

Habari ikaenea. Kisha ikaja miaka ambayo barabara zilifungwa na makartoni ya Ulaya yakaacha kufika, na msiba huo, kama misiba mingi ya kwetu, ulikuwa na faida ambayo hakuna aliyeiomba: etajeri zilikuwa na nafasi. Mfanyabiashara wa Butembo, mtu wa safari ndefu za lori, alileta hadithi kumi na mbili za njiani. Msichana mmoja kutoka kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, Riziki, alileta hadithi iliyoandikwa nyuma ya makaratasi ya mifuko ya unga, juu ya kambi ambayo kila asubuhi inaongezeka hema moja ambalo hakuna aliyelijenga. Nilishona vyote. Vikawa vitabu kumi na kimoja, vyote vya kutisha, vyote vya watu ambao hakuna mchapishaji aliyewahi kuwajibu hata kwa kuwakatalia. Niliviweka kwenye etajeri fupi kando ya mlango wa baraza, nje kidogo ya macho yangu, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Papa Kasereka aliiita Etajeri ya Woga. Muda mfupi baadaye alirudi kwao Butembo kupumzika, akaniachia funguo, sindano iliyopinda, na imani yake katika fishi.

Kila mwisho wa mwaka wa shule, Mwalimu Masika alikuja na mwavuli wake, akaketi, akauliza swali moja. «Fishi yangu inasema nini?»

Mimi nilijivunia ukweli. Nilikitoa kitabu, nikachomoa fishi, nikamwonyesha: nyeupe. Mwaka wa pili: nyeupe. Mwaka wa tatu niliongeza maneno ya faraja, kwamba wasomaji wa Goma bado hawajakomaa. Mwaka wa nne aliishika fishi ile kwa muda mrefu, akaigeuza upande wa pili, kama mtu anayetafuta kama kuna kilichobaki kwenye sahani.

«Hata mutu mumoja?»

«Hata mmoja, Mwalimu. Siwezi kukudanganya.»

«Hapana, usinidanganye.» Alisimama. «Nilikuwa na zingine mbili mu kichwa. Basi. Nitasahihisha bikaye vya batoto. Bale angalau balitumwa kwangu.»

Hakurudi tena. Nilisikitika, na nilijiona mwaminifu. Mchanganyiko huo, wadogo zangu, ni hatari kuliko uongo. Uongo angalau hukunyima usingizi.

Dalili zilikuwapo. Kila mwaka nilipohesabu vitabu, kimoja au viwili vya Etajeri ya Woga vilikosekana, na wiki iliyofuata vilikuwa mahali pake, vimenyooka. Nikahitimisha kwamba sijui kuhesabu. Nilianza kuhesabu mara mbili, kisha mara tatu, na katika taarifa zangu niliandika kwamba macho ya mkutubi yanahitaji miwani. Nilinunua miwani. Vitabu viliendelea kupotea na kurudi, sasa nikiviona vizuri zaidi.

Kisha komite inayosimamia maktaba ikapata mwenyekiti mpya. Alikuwa mkaguzi wa shule aliyestaafu, mtu msafi, wa kalamu tatu mfukoni, na kila mtu alimwita Papa Inspekta, yeye akiwemo. Alitaka meza za kompyuta, na meza zilihitaji ukuta, na ukuta ulikuwa na etajeri. Akaagiza itumike kanuni ya nyumba: kitabu kisichoazimwa kwa miaka mitatu kiondolewe. Vilivyoondolewa walipewa akina mama wa sokoni Mabanga kufungia karanga, na ndiko falsafa ya zamani, ambayo hata kusainiwa ilikuwa imeacha, ilikopata wasomaji wake wengi zaidi. Sikuweza kuipinga kanuni ile. Nilikuwa nimeitunga mimi, miaka mingi kabla, baada ya etajeri moja kuanguka, na nilikuwa nimesifiwa kwa hilo.

Nikaandika orodha. Kwa mujibu wa fishi, Etajeri ya Woga ilistahili kwenda yote, vitabu kumi na kimoja, waandishi wote. Jumatano asubuhi nilianza kuvishusha ili kuvifunga kwa kamba. «Wapangaji wa Chini» kilifunguka chenyewe mkononi, kwenye ukurasa mmoja, kama mlango uliozoea. Pembe za kurasa zilikuwa nyeusi na laini kama kola ya shati la fundi. Kulikuwa na tone la mshumaa, na duara la kikombe cha chai. Pembeni, kwa penseli, mtu alikuwa ameandika: *Usisome hapa ukiwa peke yako.* Chini yake, mwandiko mwingine: *Nilisoma peke yangu. Ulisema kweli.* Na ukurasa uliokuwa umeng'oka ulikuwa umeshonwa tena, vizuri kuliko ninavyoshona mimi, kwa uzi wa buluu.

Nilikaa sakafuni. Vumbi halinywi chai. Vumbi haliandiki kwa penseli.

Uzi ule ulikuwa buluu ya yunifomu za shule, na mshonaji wa yunifomu aliyekuja kwangu kila Alhamisi alikuwa Mama Furaha wa Mabanga, mwenye cherehani chini ya turubai karibu na soko, aliyeazima vitabu vya picha kwa ajili ya watoto wake, na mara mojamoja vya mizimu ya Ulaya, na kusaini kila kimoja kwa uangalifu. Alhamisi ilipofika niliweka kitabu kilichofunguliwa mbele yake.

«Mama Furaha, unaujua uzi huu?»

«Uzi ni uzi, Mama Bitabu. Goma muzima iko na uzi ya bleu.»

«Na mushono?»

Aliuinamia, na majivuno ya fundi yakamshinda. «Ile ukurasa ilikuwa inaanguka. Ningeiacha ianguke?»

«Kwa hiyo ulikisoma.»

«Mara tatu. Ya kwanza nilisoma miye. Ya pili nilisomea dada yangu. Ya tatu nilirudilia juu ya kuona kama kweli nilisikia vile nilisikia.»

«Na jina lako je? Mbona hukuandika kwenye fishi?»

Alinitazama kana kwamba nimemwomba avue nguo barabarani. «Miye? Jina yangu mu kitabu ya bazimu? Na tarehe juu? Kesho mutoto wa jirani anashikwa na homa, batu banatafuta nani mulozi, banafika hapa, banasoma: Furaha, mushonaji, tarehe kumi na mbili! Mama, ile haiko fishi. Ile ni proseverbali.» Proseverbali, kama mjuavyo, ni karatasi ambayo polisi huandika kabla ya kukufunga.

«Lakini vitabu vya Ulaya vya mizimu unasaini.»

«Bale bazimu ni ba Bazungu. Habajue fasi naishi, habajue mulango yangu.»

Nilimuuliza kama kuna wengine. Alikusanya vitabu vyake vya picha, akavipanga, akavipanga tena. «Miye sijue mutu. Ila ukitaka kukipata kile, unafika mbele ya saa tatu ya asubuhi. Nyuma ya pale, kiko kimeenda.» Mlangoni aligeuka. «Na hakuna mutu ataiba, usiogope. Nani atapenda kukaa nacho mu nyumba?»

Hivyo ndivyo nilivyojua, baada ya miaka mingi ya kazi, kwamba vitabu vilivyosomwa zaidi katika maktaba yangu ni vile visivyo na msomaji hata mmoja. Watu walisaini wasichokisoma na kusoma wasichokisaini, na mimi katikati nilikuwa natoa takwimu.

Komite ilikutana Jumamosi saa nne asubuhi, watu watano kuzunguka meza ndefu. Nilieleza habari ya chai, penseli na uzi wa buluu, bila kumtaja mtu. Papa Inspekta alisikiliza akizungusha kofia ya kalamu.

«Mama, tunakuheshimu,» alisema. «Lakini komite inafanya kazi na fishi, haifanye kazi na doa ya chai. Chai inaweza kuwa ya muzee Kasereka. Pahali fulani hata mutu mumoja alisaini?»

«Hapana.»

«Basi. Hakuna mwenye anasoma bile bitabu.»

Niliomba angalau kumbukumbu za kikao zionyeshe ni kitu gani kinatupwa. Akakubali, kwa kuwa anapenda kumbukumbu. Nikaanza kusimulia «Wapangaji wa Chini»: nyumba, jiwe, kugongwa kwa sakafu, chumvi. Ningependa kuwaambia kwamba kilichofuata kilikuwa mtego nilioutega kwa hekima. Sivyo. Nilikuwa sijakisoma tena tangu nilipokishona, na nilichanganya. Nikasema, «Siku ya tatu wanagonga tena na kuomba moto.»

«Hapana,» alisema Papa Inspekta. «Siku ya tatu habaombe kitu. Banarudisha chumvi.»

Kalamu ilisimama. Mama Sifa, katibu wa komite, alikuwa ameinua uso kutoka kwenye daftari lake.

«Na iko na joto,» alisema mzee wa ukoo aliyekaa mwisho wa meza, mtu ambaye hakuwahi kusema neno katika vikao viwili vilivyotangulia. «Ile chumvi. Mwanamuke anaishika, iko na joto kama mutu aliibeba mu kiganja.»

«Hapo njo fasi miye niliacha kusoma,» alisema Mama Sifa kwa sauti ndogo. «Nilirudilia kesho yake.»

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Nje chukudu iliyobeba mizigo ilipita ikilia kwa magurudumu yake ya mbao, na sote watano tuliisikiliza kwa makini, kama vile haijawahi kupita chukudu Goma. Kisha Papa Inspekta alifungua kalamu ya pili.

«Kuhusu ule ukuta,» alisema, akirudi kwenye Kiswahili chake cha ofisini, «nimeuangalia. Una unyevu. Kompyuta na unyevu haviendani. Etajeri ibaki. Mama Sifa, uandike: unyevu.»

Imeandikwa: unyevu. Mtaikuta kwenye jalada la kijani. Ukuta ule, kwa taarifa yenu, ni mkavu kuliko ukuta wowote wa jengo hili, na naomba msiutengeneze.

Wiki hiyohiyo niliondoa fishi katika vitabu vyote kumi na kimoja. Badala yake niliweka kando ya etajeri kopo la maziwa lenye tundu kwenye kifuniko, na sahani ya maharagi. Anayechukua kitabu anatia harage moja. Harage halina jina wala mtaa. Najua mtu anaweza kutia konzi nzima kwa ajili ya binamu yake mwandishi. Lakini mtu atakayepoteza maharagi kwa ajili ya fasihi, katika bei za sasa, huyo nami namhesabu kuwa msomaji.

Ilibaki kwenda Katoyi. Niliahirisha siku nne, nikijipa sababu za kitaalamu. Siku ya tano nilikifunga kitabu katika kitenge nikaenda.

Mwalimu Masika alikuwa ameketi mbele ya mlango wake, amekwisha kustaafu, akichambua mchele kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Macho yake yalikuwa na ukungu. Alinitambua kwa hatua.

«Viatu vya maktaba,» alisema. «Karibu, mama. Ukae.»

«Nimekuletea habari njema, Mwalimu.»

«Habari njema mutu haiilete akiwa anapumua hivi. Sema.»

Nikasema yote: fishi, majina, woga wa watu, Mama Furaha, kikao, chumvi yenye joto. Niliweka kitabu mapajani mwake. Alipitisha kidole kwenye pembe zilizolainika, ukurasa kwa ukurasa, hadi akaufikia mshono wa buluu, na hapo kidole kikasimama. Nilimsomea yaliyoandikwa kwa penseli. Alicheka mara moja, kicheko kifupi cha darasani, kisha akarudisha kidole kwenye mshono, na kuku akaja akaanza kula mchele na hakuna aliyemfukuza.

«Miaka sita sikuandika,» alisema.

«Pole sana, Mwalimu.»

«Usiniambie pole. Pole ni ya mwenye kufiwa. Miye njo nilikufa. Ulinipa cheti ya kufa, niko nakunywa chai kwako, cheti yenye haina hata tarehe.» Aliufukuza kuku. «Zilikuwa mbili mu kichwa. Moja nimesahau. Unasikia? Nimeisahau muzima. Ilikuwa nzuri kupita hii.»

Niliokota, moja moja, punje za mchele ambazo kuku alikuwa amezimwaga.

«Na weye,» aliuliza, «ulikisoma wa kwanza. Jina yako ilikuwa mu fishi?»

«Mimi nilikuwa mfanyakazi. Wafanyakazi hawasaini.»

«Ndiyo,» alisema kwa upole ambao sikuupenda. «Njo vile.»

Nilisema kwamba watu wanamsubiri. Kwamba kopo la maharagi lilikuwa limefika nusu kwa siku nne. Kwamba nitamshonea chochote atakachoandika. Alinyoosha kiganja mbele ya uso wake, akakisogeza mbali, akakirudisha. «Naandika na nini? Siuone hata mustari wa kaye.» Kisha, baada ya kuchambua konzi nyingine mbili za mchele: «Unastaafu siku gani?»

«Mwisho wa mwezi.»

«Nyuma ya pale unafanya kazi gani?»

«Sina, Mwalimu.»

«Uko nayo,» alisema.

Kwa hiyo sasa, kila Jumanne na Ijumaa saa tatu asubuhi, niko Katoyi na kaye ya kurasa mia. Yeye anasema, mimi naandika. Ananisahihisha alama za kituo bila kuziona. Nikiuliza maana ya jambo, ananiambia katibu hana maana, ana mkono. Nikichelewa, anaongea na kuku mpaka nifike. Hadithi ile ya pili, iliyosalia kichwani, imekwisha kuwa na kurasa arobaini. Inahusu mwanamke wa maktaba, mwaminifu sana, anayetunza orodha ya walio hai na kuwaondoa wale ambao hakuna aliyewauliza kwa miaka mitatu. Wanakuja mmoja mmoja kumwuliza kadi zao zinasema nini. Ijumaa iliyopita tulifika asubuhi ambayo anafungua maktaba na kukuta kiti chake kimekaliwa, na mtu aliyeketi anachomoa kadi yenye jina la mwanamke huyo na kumwonyesha.

Niliacha kuandika. Nilimuuliza kama yule mwanamke anapona.

«Andika, mama,» alisema Mwalimu Masika. «Utangoja kama bengine.»